Filamu Bora za Vugiri: Tatizo la Vigezo katika Kuzipanga Kazi za L. A. Notcutt, 1935–1937

1.0 Utangulizi

Mjadala wa kuzipanga filamu za mwongozaji mmoja, ipi ya kwanza na ipi ya mwisho, umezoeleka kila mahali penye utamaduni wa sinema. Nchini Ufaransa mjadala huu ulipata msingi wa kinadharia mwaka 1954, François Truffaut alipoandika katika jarida la Cahiers du cinéma na kuitetea filamu inayobeba nafsi ya mwongozaji wake. Nchini Marekani, Andrew Sarris aliufikisha mbali zaidi mwaka 1968 kwa kitabu kilichowagawa waongozaji katika madaraja, kuanzia wateule wachache hadi wale aliowaona kuwa sifa zao zimezidi kazi zao. Kwetu sisi mjadala wa aina hii umefanywa zaidi juu ya vitabu. Wanafunzi wetu hubishana usiku kucha iwapo Kinjeketile inaizidi Mashetani, lakini ni nadra kuwasikia wakibishana hivyo juu ya filamu zilizotengenezwa katika ardhi ya nchi yao.

Makala hii inaupeleka ubishi huo Vugiri, katika milima ya Usambara, wilaya ya Korogwe. Hapo ndipo yalipokuwa makao ya mradi wa majaribio ya sinema ya elimu kwa Waafrika, uliotengeneza filamu 35 kati ya 1935 na 1937 chini ya uongozi wa Meja L. A. Notcutt. Swali letu ni hili: kati ya filamu hizo, zipi ni bora, na ubora wake upimwe kwa kigezo gani? Tunashikilia kwamba kigezo cha Truffaut kinafaa kwa kiasi kidogo tu, na kwamba ngazi tutakayoipanga hapa inategemea mtazamaji tunayemweka mbele ya kiwambo.

2.0 Mradi na mwongozaji wake

Wazo la mradi lilitoka kwa J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni, aliyehariri mwaka 1933 uchunguzi juu ya athari za migodi ya shaba kwa jamii za Rhodesia ya Kaskazini. Davis aliiona sinema kuwa chombo cha kumwelezea mwanakijiji dunia mpya iliyokuwa ikimjia kwa kasi. Fedha zilitoka hasa kwa Shirika la Carnegie la New York, na makampuni ya migodi ya shaba yalichangia pia. G. C. Latham, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa elimu ya Waafrika katika Rhodesia ya Kaskazini, alisimamia upande wa elimu. Notcutt alisimamia upigaji wa picha. Wawili hao waliieleza kazi yao katika kitabu kilichotoka mwaka 1937, na mpaka leo hicho ndicho chanzo kikuu cha habari za filamu nyingi za Vugiri.

Jambo moja katika wasifu wa Notcutt lina uzito mkubwa kwa mhakiki. Kabla ya kushika kamera ya mradi huu alikuwa meneja wa mashamba ya mkonge katika Afrika Mashariki, na tangu miaka ya 1920 alikuwa akifikiri kwamba sinema ya shambani ingeweza kusaidia kuwafanya vibarua waridhike na kukaa. Kwa hiyo mwongozaji wetu hakuanza na swali la msanii. Alianza na swali la mwajiri: nifanye nini ili mfanyakazi asitoroke?

Filamu zilipigwa kwa ukanda mwembamba wa milimita 16, na sauti iliwekwa katika sahani za santuri zilizochezwa sambamba na picha. Utaratibu huo ulikuwa wa gharama ndogo, na ulikuwa na faida nyingine ambayo wanaisimu wataiona mara moja: picha moja iliweza kusemeshwa Kiswahili leo na lugha nyingine ya Kiafrika kesho, kwa kubadili sahani tu. Lori la maonyesho lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1937 fedha zilipokwisha, serikali za makoloni hazikukubali kuubeba mradi, na Vugiri ikafungwa.

3.0 Nani anayepima?

Wahakiki wa kwanza wa filamu hizi walikuwa Wazungu, na malalamiko yao mengi yalihusu ufundi: picha zisizo kali, waigizaji wasiofunzwa, sahani zilizopishana na midomo. Kwa kipimo hicho kazi yote ya Vugiri ni duni, na hakuna haja ya kuipanga. Mwaka huohuo wa 1935 ndipo ilipotoka Sanders of the River ya Zoltan Korda, yenye Paul Robeson na gharama kubwa. Mtu akizipima filamu za Vugiri kwa mizani ya Korda atakuwa amepima kishoka kwa mizani ya dhahabu.

Kundi la pili la wapimaji lilidai kujua jicho la Mwafrika. William Sellers, aliyeanzia Nijeria na baadaye kukiongoza Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilichoundwa mwaka 1939, alihubiri kwamba mtazamaji wa Kiafrika anahitaji picha za polepole zisizo na mbinu za kuruka wakati na mahali. Marshall McLuhan aliirudia imani ya jamaa hiyo mwaka 1962 kupitia kisa cha wanakijiji walioonyeshwa filamu ya usafi wakasema wamemwona kuku. Kisa hiki kimesimuliwa madarasani mara nyingi mno. Huchukuliwa kama ushahidi wa udhaifu wa macho, ilhali kinathibitisha tu kwamba watu wale walijua kuku ni mali. Mpiga picha ndiye ambaye hakumwona.

Sisi tunapendekeza mpimaji wa tatu. Tumwite mtazamaji wa Mazingara, kwa jina la kata ya Handeni katika nchi ya Wazigua, kusini ya Korogwe. Mtazamaji huyu ni kipimo cha kihakiki, si shahidi wa kihistoria, lakini mazingira yake yanajulikana. James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya kaskazini-mashariki ya Tanzania, ameeleza jinsi utawala wa kikoloni ulivyoivuruga mifumo ya hifadhi na utegemeano katika Uzigua, pori likarudi, mbung'o wakaenea, mifugo ikapukutika na njaa zikafuatana. Mtu wa hapo katika miaka ya 1930 alijua ukame, alijua kodi, na alijua njia ya kwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe kuitafuta fedha ya kodi hiyo. Filamu ya Vugiri ilimwambia nini ambacho hakukijua? Na ilimnyamazia nini ambacho alikijua?

4.0 Filamu zilizohifadhiwa

Kati ya filamu 35, zinazojulikana kuhifadhiwa katika hazina ya Taasisi ya Filamu ya Uingereza ni 3, zote za mwaka 1936: Tropical Hookworm, inayohusu minyoo ya safura, African Peasant Farms – The Kingolwira Experiment, inayohusu mashamba ya majaribio karibu na Morogoro, na Veterinary Training of African Natives, inayohusu mafunzo ya utabibu wa mifugo.

Kati ya hizi, ya safura tunaiweka juu bila kusita. Adui wake ni adui wa kweli, anayemshika mkulima wa Mazingara kama anavyomshika kibarua wa Magunga. Dawa inayopendekezwa, yaani choo cha shimo na usafi, imo mikononi mwa mtazamaji mwenyewe kwa kiasi kikubwa. Hapo maudhui na hali ya hadhira vinakutana. Pengine ni kweli kwamba filamu hii, kama dada zake zote za afya ya kikoloni, inamlaumu mgonjwa kwa ugonjwa na haiwaulizi wenye mashamba walijenga vyoo vingapi kwenye kambi zao. Hata hivyo mnyoo hana itikadi, na maelezo sahihi juu yake yanabaki kuwa na thamani hata yakitolewa na msimulizi mwenye dhamira nyingine.

Kingolwira inakuja ya pili kwa umbali. Hoja yake ni kwamba mkulima akipewa shamba lililopimwa na kuelekezwa kilimo bora, atastawi. Mtazamaji wetu angeikubali sentensi hiyo yote isipokuwa neno moja: akipewa. Nani anayetoa? Filamu inaonyesha matokeo ya uamuzi ambao mtazamaji hana uwezo wa kuufanya, kisha inauita uamuzi huo mfano wa kuigwa. Tatizo hilohilo lingejitokeza baadaye katika Usambara yenyewe. Mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo ulioanza Mlalo katika miaka ya 1940 ulipingwa na wakulima, kama alivyoonyesha Steven Feierman mwaka 1990, na haukupingwa kwa sababu wakulima hawakujua mvua inafanya nini kwenye mteremko. Vugiri ilikuwa na filamu yake juu ya mmomonyoko miaka kumi kabla, na wanaodai kwamba upungufu wa elimu ndio ulioleta upinzani wangefaa waitafakari tarehe hiyo.

Ya mifugo tunaiweka mwisho, na sababu inaanza na anwani. Jina lake linawazungumzia Waafrika mbele ya watu wengine. Ni taarifa ya idara kwa wafadhili iliyovaa nguo za somo. Kwa mtu wa nchi ambayo ng'ombe walikwisha kwa mbung'o, kuonyeshwa mafunzo ya wachache waliovaa sare kunaweza kumfurahisha macho, lakini hakumrudishii zizi.

5.0 Filamu za hadithi

Hapa ndipo mjadala unapokuwa mgumu na wenye tija zaidi. Filamu tunazoziona kuwa bora kifani ni zile tunazozijua kwa muhtasari tu. Mhakiki mwangalifu atasema tusizipange. Tunamjibu kwamba fasihi simulizi tumeihakiki kwa miongo mingi kwa mihtasari iliyoandikwa na wamisionari, na hatukuona haya. Muundo wa hadithi hubakia hata utendaji wake unapopotea, na muundo unaweza kupimwa, mradi tuseme wazi kwamba tunapima muundo.

Post Office Savings Bank inahusu akiba ya fedha. Mfanyakazi mmoja anaficha mshahara wake ardhini na mwizi anaufukua. Mwingine anauweka katika Benki ya Akiba ya Posta na unabaki salama. Ni ngano kamili. Wahusika wawili waliolinganishwa kwa tendo moja, mjinga na mwerevu, ni mbinu ambayo kila bibi wa Kizigua au Kishambaa aliijua kabla ya kuzaliwa kwa kamera. Notcutt, kwa kujua au kwa kubahatisha, aliangukia kwenye fani ambayo hadhira ilikuwa na ufunguo wake. Kwa upande wa fani, tunaiweka ya kwanza katika kazi zake zote tunazozijua.

Lakini maudhui yake yanaivuta chini. Mshahara unaofichwa ardhini ulitoka wapi? Katika mashamba ya mkonge kibarua alifanya kazi kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na malipo yalingojea kadi ijae. Baada ya bei ya mkonge kuporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1930, mishahara ilipunguzwa, na kodi iliendelea kudaiwa. Filamu inadhani kuna ziada ya kuhifadhi, na kwamba hatari inayoikabili ni mwizi wa usiku. Mtazamaji wa Mazingara angeweza kucheka sana na mwizi yule, kisha akajiuliza kimyakimya mwizi wa mchana yuko wapi katika picha. Huu ndio mchango halisi wa nadharia ya Truffaut katika mjadala wetu. Nafsi ya mwongozaji imo katika filamu kweli, ila ni nafsi ya meneja wa shamba. Tukimpa Notcutt heshima ya kuwa mtunzi, tunampa pia dhamana ya yale aliyoyaacha nje ya fremu.

Gumu, kisa cha kijana wa kijijini anayekwenda mjini na kupata matatizo, tunaiweka ya pili kifani, ingawa wapo watakaoitaka iwe ya kwanza, na hoja yao ina nguvu: Gumu ina safari, na safari huacha nafasi ya mambo kuingia bila kualikwa. Historia inawaunga mkono pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya African Film Productions ilipotengeneza filamu za Kiswahili nchini Tanganyika, kisa cha mshamba anayedanganywa mjini kilirudi katika Muhogo Mchungu, na mwigizaji wake mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Hatudai kwamba Gumu iliizaa Muhogo Mchungu. Tunachoweza kusema ni kwamba utawala uliona faida ya kudumu katika kumwonyesha mwanakijiji kwamba mji haumfai, na kwamba hadhira ilijua kuuchukua mji na kuyaacha maonyo.

6.0 Suala la sahani

Ngazi yetu ni hii: Post Office Savings Bank na Gumu juu kwa fani, Tropical Hookworm juu kwa maudhui, Kingolwira katikati, na Veterinary Training chini. Anayelazimisha jina moja tu tutampa la safura, kwa kuwa kwa wengi waliobaki hatuna picha.

Lipo pingamizi moja ambalo hatuwezi kulipita. Kwa kuwa sauti ilikaa katika sahani, picha ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa maneno, nayo ndiyo iliyobadilika kila lugha ilipobadilika. Msimulizi wa Kiswahili aliyekaa mbele ya kinasasauti pale Vugiri ndiye aliyeamua iwapo mfanyakazi wa kwanza ataitwa mpumbavu au ataitwa maskini, na iwapo mwizi atasemwa kwa hasira au kwa mzaha. Kwa mtazamaji wa Mazingara, sauti ile ilikuwa ndiyo filamu, kwa maana picha bila msimulizi ilikuwa watu wanaotembea tu. Chaguo la neno moja la Kiswahili katika sahani ya Post Office Savings Bank lingetosha kuishusha chini ya Gumu, au kuipandisha juu ya zote.