Kagua Ukuta Kwanza: Malengo ya Kijana Anayejiandaa kwa MCAT

Somo la familia
Maandiko: Nehemia 2:1-18, 3:28-30, 6:15



Katika kusanyiko letu wapo vijana wanaojiandaa kwa MCAT, mtihani wa kuingia chuo cha udaktari hapa Marekani. Wazazi wengi tumezoea utaratibu wa nyumbani, ambako mwanafunzi akifaulu sekondari anaweza kwenda moja kwa moja kusomea udaktari. Hapa, kwa kawaida kijana husoma kwanza shahada ya miaka minne, hufanya MCAT, kisha huomba nafasi ya kusoma miaka minne mingine. Tunapomwita "daktari wetu" mbele ya wageni, yeye anajua safari iliyobaki.

Kijana mmoja alinionyesha alama za jaribio lake la kwanza la mazoezi. Zilikuwa chini. Nikamuuliza kama wazazi wake wameziona. Akajibu, "Hapana. Mama ameshawatangazia ndugu zake wote." Jibu hilo ndilo lililonirudisha kwa Nehemia.

1. Alikagua kabla ya kutangaza

Nehemia alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu. Kisha akaondoka usiku na watu wachache, akautazama ukuta uliobomoka. Alikuwa hajamwambia mtu kusudi lake. Baada ya kuona ndipo aliposema, "Tujenge."

Kijana, jaribio lako la kwanza ni ule usiku wa Nehemia. Lifanye mwanzoni, kwa muda kamili, bila kusaidiwa. Mtihani una sehemu nne: kemia na fizikia, ufahamu wa kusoma, biolojia na biokemia, saikolojia na sosholojia. Kila sehemu ina alama 118 hadi 132, na jumla ni 472 hadi 528. Tuseme umepata 123, 121, 126 na 125. Jumla ni 495. Alama hizo hazisemi kwamba wewe ni mjinga. Zinakuonyesha pengo kubwa liko wapi: ufahamu wa kusoma.

2. Aliweka muda

Mfalme alimuuliza atarudi lini, naye akamtajia muda. Lengo lisilo na tarehe hubaki kuwa tamaa. Chagua siku ya mtihani, kisha hesabu majuma kurudi nyuma. Hesabu pia zamu zako za kazi, masomo ya chuo, na siku unazompeleka bibi hospitali kumtafsiria. Kama saa ulizo nazo kweli ni kumi na mbili kwa juma, usiandike thelathini. Afadhali kusogeza tarehe mapema kuliko kwenda kubahatisha. Mtihani unaruhusiwa mara tatu kwa mwaka mmoja, mara nne kwa miaka miwili mfululizo, na mara saba maishani. Hata ukijiandikisha na usitokee, nafasi hiyo huhesabiwa.

3. Aligawa kazi

Katika sura ya tatu kila kundi lina sehemu yake ya ukuta, na wengine walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Ukuta ukaisha kwa siku 52.

"Nataka kupata 510" ni lengo jema, lakini haliwezi kukuambia Jumanne jioni ufanye nini. Ligawe liwe kazi unayoweza kuiona imekwisha. Sehemu ya ufahamu ina vifungu tisa kwa dakika 90, yaani dakika kumi kwa kila kifungu. Basi lengo la juma hili liwe: "Kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, nitasoma vifungu viwili kwa dakika 20 na kujibu maswali yake. Jumamosi nitapitia kila kosa na kuandika daftarini kwa nini nilikosea." Kila baada ya majuma machache fanya jaribio jingine zima. Alama zikigoma kupanda, badili namna ya kusoma kabla ya kuongeza saa.

Tena usiache swali lolote bila jibu, kwa sababu jibu la kosa halipunguzi alama.

4. Hakujenga peke yake

Wazazi, sehemu yetu ya ukuta ipo. Tumpe kijana saa zake za kusoma, na wadogo zake wapokezane kupika na kulea. Tusimuulize kila siku "Umepata ngapi?" Tumuulize, "Juma hili umepanga nini, na sisi tukusaidie wapi?"

Ada nayo ni mzigo. Chama kinachosimamia mtihani huu, AAMC, kina mpango wa kuwapunguzia ada wenye kipato kidogo, na waliopewa hadhi ya ukimbizi wanaweza kuomba. Ombi lipelekwe na kukubaliwa kabla ya kujiandikisha, maana ada iliyokwisha kulipwa hairudishwi kwa mpango huo.

Na kijana, pumzika. Mtihani pamoja na mapumziko yake huchukua kama saa saba na nusu, na mwili uliochoka hauwezi kuuvumilia. Siku ya Bwana njoo ibadani, hatutakuuliza alama.

Tukumbuke pia kwamba mtoto huyu alikuwa mpendwa wa Mungu kabla hajafungua kitabu cha biokemia. Akifaulu tutamshukuru Mungu. Mlango ukichelewa kufunguka, bado ni mtoto wetu, na meza yetu bado ina nafasi yake.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Je, kijana wetu anaweza kutuonyesha alama za chini bila hofu? Kama hawezi, ni kwa nini?
2. Lengo lake la juma hili ni lipi, na tutajuaje limetimia?
3. Kila mmoja wetu atachukua kazi gani ya nyumbani ili apate muda?

Tuombe

Ee Bwana, wape watoto wetu ujasiri wa kuutazama ukuta ulivyo, na nguvu ya kujenga sehemu ya leo. Utufundishe sisi wazazi kuwapenda kuliko vyeo tunavyowatakia. Amina.