Somo la Mwezi: Serikali Ipi Itazame?



Katika mikutano yetu husikika sana neno hili: "Serikali itazame." Mvua zikigeuka, karafuu zikipukutika, Serikali itazame. Lakini Serikali ipi? Mwezi huu twajifunza jambo hilo kwa mfano wa Mwanza, kwenye Ziwa Victoria.

Mwezi wa Mei 2020, baada ya mvua nyingi, kipimo cha ziwa kilichoko Jinja, Uganda, kilifika mita 13.42, kikapita kidogo tu kile cha Mei 1964. Maji yaliingia majumbani, mashambani na kwenye mialo ya wavuvi. Basi tutazame kazi hii imegawanywa vipi.

Kwanza, kijiji. Halmashauri ya kijiji yaweza kutunga sheria ndogo, kama ile ya kukataza kukata miti kandokando ya mto.

Pili, Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela. Hao ndio wenye kupanga viwanja, kutoa vibali vya kujenga na kuzoa taka, zisichukuliwe na Mto Mirongo mpaka ziwani.

Tatu, Serikali kuu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Nne, nchi jirani. Maji ya ziwa yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Mto Nile, Jinja, penye bwawa tangu 1954. Mwanza haina amri juu ya bwawa hilo. Mashauri ya namna hii hupelekwa kwenye Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, iliyoko Kisumu, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Hapa ndipo penye funzo. Sheria ya mita 60 ilitungwa juu, lakini anayeuona msingi ukichimbwa ni mwenyekiti wa mtaa. Yeye akinyamaza, sheria hubaki karatasi. Naye hata akiwa hodari vipi, hawezi kufungua maji ya Jinja. Kila ngazi ina fungu lake, na anayelalamika pasipo pake hupoteza msimu mzima.

Na sisi visiwani? Mazingira si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya 2015. Lakini mambo ya nchi za nje ni ya Muungano, na Mkataba wa Paris uliridhiwa na Tanzania mwaka 2018. Kwa hiyo mtaro unaomomonyoa shamba tuanze nao kwa sheha. Moshi wa viwanda vya mataifa makubwa wakausemee wajumbe wa Muungano.

Maswali ya kuzungumza tawini:

1. Ni tatizo gani la hali ya hewa linalosumbua mikarafuu yetu hapa?
2. Ni fungu la nani, nasi tumekwisha kumpelekea?
3. Katika hilo, lipi ni fungu letu wenyewe?