Mama, kuchoka si kansere tu: damu ipimwe

Mama mpenzi, katika nyumba yenye mgonjwa wa kansere tunasikia mara nyingi: «Nguvu zimeisha.» Jirani wanajibu: «Ni kansere, tutafanya nini?» Lakini siku zingine mwili umekosa chuma, na ukosefu ule unaweza kutibiwa.

Chuma kinafanya kazi gani?
Kinasaidia kutengeneza damu nyekundu. Mtu akipoteza damu, anapoteza na chuma. Kansere ya mlango wa tumbo la uzazi inaweza kutoa damu nyingi. Ile ya matumbo inaweza kutoa kidogo kidogo, bila kuonekana.

Munganga anapima nini?
1. Emoglobini. Inaonyesha kama damu imepunguka. Kwa mama asiye na mimba, chini ya gramu 12 katika desilita moja ni damu kidogo. Lakini haisemi sababu ni nini.
2. Feritini. Inaonyesha akiba ya chuma, kama mahindi katika gala. Lakini angalieni: kansere yenyewe inaweza kupandisha feritini. Gala linaonekana lina mahindi, kumbe mlango umefungwa na jikoni hakuna unga.
3. Transferini. Hii ndiyo inabeba chuma ndani ya damu, kama mama anayebeba kitunga. Kama nafasi iliyojaa chuma haifiki 20 kwa 100, mwili unaweza kuwa na njaa ya chuma, hata kama feritini inaonekana nzuri.

Kwa hiyo, kwa mgonjwa wa kansere, hesabu moja haitoshi. Uliza munganga: «Mumepima damu tu, ao na chuma?» Si aibu kuuliza.

Na nyumbani?
Sombe, lenga-lenga, maharagi na ndagala ni chakula kizuri. Lakini kama damu inaendelea kutoka, chakula peke yake hakitoshi.

Usinunue vidonge vya chuma sokoni bila kupimwa. Vinageuza choo kuwa cheusi, na damu ya matumbo inaweza kufichika hapo. Tena, kwa mgonjwa mwenye gala lililofungwa, vidonge vinaweza kukosa kusaidia. Munganga anaweza kutia chuma katika mshipa.

Kumbuka, mama: ukiona damu isiyo ya mwezi, ao damu inarudi kisha mwezi kukoma kabisa, usingoje. Njoo hospitali upesi.