Habari za Mji wa Ribe katika Nchi ya Denmark

Wengi wametuuliza jinsi Injili ilivyofika kwa watu wa Kaskazini, ambao zamani waliabudu miungu yao na kuogopwa pwani zote za Ulaya. Tumeona vema tueleze habari za mji mmoja tu, jina lake Ribe, maana ndio mji ulio wa kale kupita miji yote ya Denmark.

Ribe uko upande wa magharibi wa nchi ile, kando ya mto mdogo unaoingia Bahari ya Kaskazini. Ulianza kuwa soko kama mwaka 700. Merikebu za Wafrisia na watu wa mto Rhine zilipanda mtoni, nao wafanya biashara wakapiga vibanda vyao mchangani, kila mtu katika kiwanja chake kilichopimwa. Walileta vyombo vya kioo na mawe ya kusagia. Mafundi wa pale wakafanya shanga, na vitana vya pembe za kulungu, na mapambo ya kaharabu. Vipande vidogo vya fedha walivyolipana vingali vikiokotwa ardhini hata leo.

Basi katika njia hiyo ya biashara ndipo Neno la Mungu lilipopita. Ansgar, mtawa aliyekuwa Askofu Mkuu wa Hamburg na Bremen, alimwomba Mfalme Horik wa pili ruhusa, naye katika miaka ya 850 akampa kiwanja cha kujenga kanisa Ribe. Ansgar alikufa mwaka 865, na kazi yake ilionekana kuwa ndogo mno. Watu wengi walisema ya kwamba haikuacha kitu. Lakini katika siku zetu wachimbaji wa mambo ya kale walichimba karibu na kanisa kuu, wakakuta makaburi ya Wakristo ya karne ile ile ya 9. Kwa hiyo palikuwa na watu walioamini, wakazikwa pamoja, ingawa majina yao hatuyajui. Mwaka 948 twasoma habari za Askofu wa Ribe, mmoja wa maaskofu watatu wa kwanza wa Denmark.

Hapo baadaye mji ulitajirika. Farasi, ng'ombe, nafaka na samaki walitoka. Nguo, chumvi na divai ziliingia. Hata mawe ya kanisa kuu yaliletwa kwa merikebu kutoka mto Rhine, maana upande ule wa Denmark mawe mazuri ya kujengea ni haba. Mwaka 1283, wakati wa Krismasi, mnara mmoja ulianguka, ukaua watu waliokuja kusali. Wenyeji wakajenga mwingine wa matofali, mkubwa na wenye nguvu, nao ukawa mahali pa kulindia mji pia.

Matengenezo ya Kanisa yalipofika, Hans Tausen, aliyekuwa mtawa na kusoma Wittenberg, akawa Askofu wa Ribe tangu mwaka 1541 hata kufa kwake mwaka 1561. Naye Brorson, ambaye nyimbo zake zinaimbwa na Walutheri mpaka leo, alikuwa Askofu pale tangu 1741 hata 1764.

Lakini tusifiche jambo baya. Katikati ya maaskofu hao wawili, mji uliokwisha kuwa na Biblia kwa lugha yake ulichoma watu moto kwa neno la uchawi. Anayejulikana zaidi ni Maren Spliid, mke wa fundi wa kushona nguo. Fundi mwingine wa kazi ile ile alikuwa mgonjwa, akamshitaki kuwa amemroga. Shauri likafika hata kwa Mfalme Christian wa nne. Yule mama akapelekwa Copenhagen, akateswa, na mwaka 1641 akachomwa Ribe mbele ya watu. Wachungaji walikuwako, nao walikuwa wamesoma Katekisimo kama sisi tulivyoisoma. Sisi twajiuliza: je, hapakuwa hata mmoja wa kuuliza kama mafundi wawili wa mtaa mmoja hawakuwa wakigombania wateja?

Siku zile mji ulikuwa umekwisha kupigwa sana. Moto uliteketeza mitaa mingi mwaka 1580. Usiku wa tarehe 11 Oktoba 1634 bahari ilipanda kwa dhoruba, maji yakaingia hata ndani ya kanisa kuu. Pwani ile yote walikufa watu zaidi ya 8,000. Kisha zikaja vita vya Waswidi na tauni. Nao mto haukutosha tena kwa merikebu kubwa. Mwisho, mwaka 1868, serikali iliamuru bandari mpya ijengwe Esbjerg, si mbali, na biashara ikahamia huko.

Umaskini huo ndio ulioziokoa nyumba za zamani, kwa kuwa hapakuwa na fedha za kuzibomoa na kujenga mpya. Sasa wageni wengi huja kuzitazama. Karibu na mto imesimama nguzo yenye alama za maji ya miaka mbalimbali, na alama ya mwaka 1634 iko juu kupita zote, zaidi ya mita 6 juu ya maji ya kawaida. Ukingo mkubwa wa udongo wa kuzuia bahari ulimalizika karibu miaka 300 baada ya usiku ule.