Mbao ya Mti Ulioinama

Ninyi mnaopanda au kununua misonobari, ile miti yenye majani membamba kama sindano, sikilizeni. Mtu mmoja anatia boriti ya msonobari katika nyumba yake, nayo inakaa miaka mingi. Mwingine anatia yake, inapinda, kisha inakatika ghafula. Sababu ni nini?

Mbao ya msonobari ni mirija midogo sana iliyosimama pamoja kama fungu la matete. Mrija mmoja una urefu wa milimetri 3 hivi. Ukuta wake ni nyuzi, zilizoshikwa na kitu kigumu kinachoitwa lignini. Fikiri nyumba ya fito na udongo: nyuzi ndizo fito, lignini ndiyo udongo. Katika mti mzima lignini ni karibu sehemu 25 mpaka 30 katika 100, lakini haikugawanywa sawasawa. Pale mrija unapoungana na mwenzake ni nyingi, hata nusu na zaidi. Ndani ya ukuta ni haba kuliko hapo. Lakini ukuta ni mnene, kwa hiyo lignini iliyo nyingi imo ukutani.

Sasa tazama mti ulioinama kwa sababu ya upepo au mteremko. Msonobari hutaka kusimama tena, basi upande wa chini hufanya mbao ya namna nyingine, ya kuusukuma juu. Hapo mirija ni ya mviringo, nyuzi zimelala mshazari, na lignini huzidi, hasa katika tabaka ya nje ya ukuta. Tena si ya namna ile ile kabisa. Mbao hii ni nzito na ngumu, na watu hudhani ni imara. Sivyo. Ikikauka hupunguka urefu mara 10 kuliko mbao njema, hata zaidi. Ndiyo maana boriti inapinda. Ikilemewa, huvunjika kama mhogo mkavu. Usiitie kuwa nguzo katika shimo la mgodi! (Miti yetu ya miombo ni kinyume: ikiinama, mbao ya namna nyingine mara nyingi huwa upande wa juu.)

Kabla ya kulipa franga zako, tazama mahali mti ulipokatwa. Kama moyo wake uko katikati, chukua. Kama moyo umekwenda kando, na upande mpana una rangi nyekundu nyeusi-nyeusi, kataa kwa boriti na kwa nguzo. Kama ni mti wako mwenyewe, upeleke kwenye tanuru: lignini huwaka kwa moto mkali kuliko nyuzi, nayo huacha makala mengi zaidi.