Maswali na Majibu: Uhai wa Insha Uko Wapi?

Swali: Mwanafunzi ana msamiati mwingi na methali tele, lakini insha zake zinachosha. Kasoro iko wapi?

Jibu: Aghalabu iko palepale tunapodhani pana nguvu. Shule nyingi humpa mwanafunzi daftari la mapambo: jogoo awike, jua lichomoze, mhusika arauke alfajiri na mapema, apige mswaki, atoke shoti kama swara. Mtoto huyakariri, kisha huyabandika mwanzoni mwa insha yoyote, iwe ya harusi au ya ajali. Katika insha ya ajali, aya mbili huisha kabla basi halijaondoka stendi. Mtahini aliyekwisha kukutana na jogoo huyo katika karatasi lukuki hana sababu ya kumsikiliza tena. Ninachoshikilia ni hiki: msomaji hushikwa na jambo mahususi, yaani lile ambalo lingeweza kutokea katika kisa hicho tu na si kingine. Tamathali nzuri hulibeba jambo hilo. Pasipo jambo la kubeba, ni chombo kitupu.

Swali: Jambo mahususi ni lipi hasa?

Jibu: Kiswahili chenyewe kinatufundisha. Mtu wa pwani haliiti kila tunda la mnazi nazi. Likiwa changa ni kidaka, likikua ni kitale, likijaa maji matamu ni dafu, likianza kukomaa ni koroma, ndipo lifikie kuwa nazi ya kukuna. Shambani kuna mpunga, dukani mchele, sahanini wali. Lugha iliyotenganisha vitu kwa makini hivyo haistahili kuandikwa kwa ujumlajumla. Tazama sentensi hii: “Soko lilikuwa limefurika watu.” Kisarufi haina kosa, lakini msomaji haoni chochote. Sasa soma hii: “Muuza dagaa aliinua beseni lake juu ya kichwa lisije likapinduliwa, na kila aliyempita alipita ubavuubavu.” Maneno “watu wengi” hayamo, ila msongamano unausikia mbavuni. Mwandishi hakuongeza pambo lolote. Alimchagua mtu mmoja, akauliza mikono ya mtu huyo ilikuwa ikifanya nini, na kwa nini. Mwanafunzi anaweza kujiuliza maswali hayo mawili kila anapoona ameandika “wengi”, “vizuri” au “sana”. Vitenzi navyo vifanyiwe hivyo: aliyejikokota, aliyenyata na aliyechechemea wote “walikwenda”, lakini kila mmoja ana habari yake.

Swali: Na insha ya methali? Wengi hueleza maana, kisha husimulia maisha ya mtu tangu kuzaliwa.

Jibu: Hapo ndipo maelezo hupotea kabisa, kwa sababu maisha mazima hayatoshei kurasa mbili. Chukua “Mchelea mwana kulia hulia yeye.” Methali hii ina pande mbili, kuchelea na kulia, na kila upande unahitaji tukio lake. Upande wa kwanza: mama anafungua pochi ahesabu nauli ya kwenda kliniki, mtoto anapiga miguu sakafuni akitaka peremende, mama anazitoa zile sarafu. Upande wa pili: miaka imepita, mama ameketi kwenye benchi la kituo cha polisi, pochi ileile mapajani, anahesabu kama dhamana itatimia. Pochi hiyo imefanya kazi ambayo aya nzima ya mawaidha isingeweza. Msomaji ameunganisha pande zote mbili mwenyewe, na kilichounganishwa na msomaji hakimtoki upesi.

Swali: Lakini mtihani hutoa alama kwa msamiati na methali. Hatumhatarishi mtoto?

Jibu: Hofu hiyo ina msingi. Katika mtihani wa KCSE nchini Kenya, Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili humpa mtahiniwa saa 1 na dakika 45 aandike insha mbili, kila moja alama 20, na lugha hupimwa kweli. Ila anayeandika mahususi hahitaji msamiati mdogo. Anahitaji mpana zaidi. Huwezi kumwonyesha fundi baiskeli kazini bila spoki, pampu, kiraka na gundi, na hakuna daftari la mapambo lenye maneno hayo. Wapo wanaosema pia kwamba kukariri ndiko mwanzo wa kujua. Nakubali kuhusu vielelezo: Shaaban Robert aliandika kitabu kizima, Kielezo cha Insha, na kijana akisome. Lakini kielezo husomwa ili tuone mwandishi alivyofikiri, hakinakiliwi kama muhuri.

Swali: Insha ya hoja haina wahusika. Maelezo yatatoka wapi?

Jibu: Yatatoka katika ukweli na katika namna mambo yanavyofanya kazi. “Plastiki ina madhara mengi kwa jamii” ni kauli isiyopingika, na kwa hiyo haisomeki. Mwanafunzi akiandika kwamba Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 2017, na Tanzania Juni 2019, kisha akauliza muuza mboga anawafungia wateja wake kwa kitu gani siku hizi na gharama yake inabebwa na nani, hapo hoja imeanza. Aepuke jambo moja tu: takwimu za kubuni. “Asilimia 80 ya vijana” isiyo na asili ni pambo jingine, tena ni uongo.

Swali: Mwalimu aanzie wapi?

Jibu: Kwenye kalamu nyekundu. “Fafanua zaidi” haimwambii mtoto chochote; ameshaambiwa hivyo tangu darasa la nne. Pembeni mwa sentensi “alikuwa maskini” andika: “Walikula nini jana usiku?” Swali moja kwa kila ukurasa linatosha, mradi awe na nafasi ya kulijibu na kuiandika upya aya hiyo. Mwalimu, jaribu hivyo na daftari zilizoko mezani mwako wiki hii.