Lugha ya Uwajibikaji katika Jarida Huru la Mtandaoni

Utangulizi

Tangu serikali za kaunti 47 zilipoanza kazi mwaka wa 2013, maamuzi mengi yanayomgusa mwananchi hufanyika karibu na kwake: zahanati, masoko, maji na barabara za mashinani. Magazeti ya kitaifa hayawezi kuhudhuria kila kikao cha bunge la kaunti wala kufika katika kila wadi. Pengo hilo linaweza kuzibwa na jarida huru la mtandaoni, ambalo halihitaji mitambo ya uchapishaji wala magari ya usambazaji. Wakenya wamekwisha kuonyesha njia. Mradi wa Mzalendo ulianza kufuatilia utendaji wa Bunge katikati ya miaka ya 2000, na ule wa Ushahidi ulibuniwa mapema mwaka wa 2008 ili kukusanya taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi. Miradi hiyo ilipewa majina ya Kiswahili, ilhali Kiingereza ndicho kilichobeba sehemu kubwa ya yaliyoandikwa. Makala haya yanashikilia kwamba jarida la aina hii likiandikwa kwa Kiswahili, uhuru wake utategemea fedha na sheria, na pia usahihi wa vitenzi vyake.

Kitenzi na njia ya fedha

Nyaraka nyingi za bajeti na ripoti za ukaguzi huandikwa kwa Kiingereza. Mwandishi wa Kiswahili hulazimika kutafsiri kabla ya kuripoti, na hapo ndipo makosa huzaliwa. Chukua mfano wa kubuni: bunge la kaunti limepitisha shilingi milioni 10 za kujenga zahanati. Kufikia hapo fedha “zimetengwa” tu. Haziwezi kuondoka katika hazina ya kaunti hadi Mdhibiti wa Bajeti aidhinishe, kwa mujibu wa Kifungu cha 228 cha Katiba ya 2010. Zikishaondoka, “zimetolewa”, mkandarasi akizipokea, “amelipwa”. Mwandishi anayesema kuwa kaunti “imetoa” milioni 10 siku ya kupitishwa kwa bajeti humpa gavana sifa asiyostahili. Akiuliza mwaka unaofuata zilikokwenda, huenda akawashutumu watu kwa fedha ambazo hazikuwahi kutoka.

Hali ni hiyo hiyo katika ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Mkaguzi akisema kuwa matumizi fulani hayana stakabadhi, maana yake ni kwamba hakuonyeshwa ushahidi. Hajasema kuwa fedha “zimeibwa”, wala “zimeliwa” kama wasemavyo watu mitaani. Huenda ziliibwa, lakini hilo ni la wapelelezi na mahakama kuthibitisha.

Kauli na mtenda

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza, nalo ni kuficha. Linganisha sentensi hizi:

(a) Mkataba wa zahanati umevunjika.
(b) Mkataba wa zahanati umevunjwa.
(c) Idara ya afya imevunja mkataba wa zahanati.

Sentensi (a) iko katika kauli ya kutendeka. Haina mtenda, na sarufi hairuhusu aongezwe kwa neno “na”. Sentensi (b), ya kutendwa, inadokeza kuwa yupo aliyetenda, na msomaji atauliza: “Na nani?” Sentensi (c) inamtaja. Taarifa rasmi huelekea kupendelea umbo la (a): fedha “zimetumika”, muda “umeongezeka”; au umbo la (b) lisilo na mtenda: kazi “imecheleweshwa” bila kutajwa aliyeichelewesha. Jarida linalonakili maneno hayo hugeuka msemaji wa ofisi, hata kama halipokei senti kutoka kwake. Hata hivyo, mtenda asibuniwe. Asipojulikana, mwandishi aeleze aliyeulizwa, tarehe aliyoulizwa, na kama alijibu.

Nyenzo za kisheria na fedha

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016 humruhusu raia yeyote kuomba habari kutoka kwa ofisi ya umma, na ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Ofisi hutakiwa kuamua kuhusu ombi hilo ndani ya siku 21. Kwa upande mwingine, Kifungu cha 35 cha Katiba humpa mtu haki ya kutaka habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu zisahihishwe au zifutwe. Kwa hivyo jarida linafaa kuwa na ukurasa wa masahihisho tangu toleo la kwanza. Kuhusu gharama, wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Jarida litahitaji wafadhili au matangazo. Muhimu ni kuwatangazia wasomaji ni nani anayelipa, hasa iwapo ni kaunti yenyewe.

Hitimisho

Wanaotaka kuanzisha jarida kama hili hutangulia kutafuta jina, nembo na kompyuta. Ingefaa watangulize faharasa ya maneno ya bajeti na ukaguzi, iliyokubaliwa na wahariri wote, ili “kutenga” kusichanganywe na “kutoa”. Kazi hiyo yaweza kufanywa na wanafunzi wa Kiswahili wakiongozwa na wahadhiri wao. Mwananchi anayesubiri zahanati ana haki ya kujua, kwa lugha anayoielewa, kama fedha zake zimetengwa, zimetolewa au zimelipwa, na ni nani aliyefanya hivyo.